Unga wa mawe ndani ya vifuniko vya bidoni

Baraka, Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, ziwa limetulia kabisa, na mimi nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani. Labda nijipelekee mwenyewe.

Nimefunga karakana saa nane mchana. Sijawahi.

Mimi na kaka yangu Wilondja tunatengeneza vifuniko vya bidoni, yale madumu ya plastiki ya kubebea mafuta. Tunakusanya mabeseni na bidoni zilizopasuka, tunazikatakata, tunaziyeyusha ndani ya presi ya mkono, kisha navuta wenzo na plastiki inasukumwa kuingia ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa, tunafungua na kutoa kifuniko. Shida yetu ya siku zote ilikuwa kusinyaa: plastiki ikipoa inajivuta, na vifuniko vingine vinatoka vimepinda, havishiki mdomo wa bidoni.

Wilondja alisikia kwamba viwandani wanachanganya plastiki na unga wa mawe. Tukasaga mawe meupe ya chokaa, tukachekecha kwa kitambaa, tukatia kidogo. Vifuniko vikatoka vimenyooka, vigumu, na vinapoa upesi! Nikaongeza unga. Wenzo ukawa mzito, maana plastiki iliyojaa unga haitiririki vizuri, lakini nilivuta hivyo hivyo. Nikaongeza tena.

Sikuvijaribu. Nilivipenda kwa macho, basi.

Leo asubuhi akaja Mama Nyassa, anayepeleka mafuta ya mawese mji wa Misisi kwa pikipiki za kukodi. Alikuwa ameshika vipande vya vifuniko mkononi.

"Furaha, angalia bifuniko byako. Byote bibili bilipasuka mu njia. Mafuta ilimwangikia muntu wa moto mugongo yote."

"Njia ya Misisi iko mubaya sana, mama," nikamjibu.

"Iko mubaya tangu zamani. Bifuniko bya kwanza bilikuwa binafika."

Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba huyo mtu wa moto, yaani mwendesha pikipiki, amekataa kumbeba tena, na wenzake wamesikia, nao wanakataa. Kisha akaenda zake.

Nilimdanganya. Juzi kifuniko kimoja kiliniponyoka, kikaanguka kwenye sementi na kupasuka katikati. Nilikifagia kabla Wilondja hajakiona.

Alipoondoka nilichukua nyundo. Vifuniko vya zamani vilibonyea, vikarudi. Vya unga vilivunjika kama biskuti, kimoja baada ya kingine. Unga unaipa plastiki ugumu na kuizuia isisinyae sana, lakini ukizidi, plastiki haiwezi tena kupigwa na kustahimili. Na barabara ya Misisi ni kupigwa mwanzo hadi mwisho.

"Tupunguze unga, dada, tusiache kabisa," Wilondja akasema. "Nilikuambia tangu juma la kwanza."

Ni kweli aliniambia. Hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Ndipo nikafunga mlango, nikaenda kwa Mama Nyassa. Nilimkuta uani anahamisha mafuta kutoka bidoni moja kwenda nyingine. Hakuna pikipiki iliyokuja kuyachukua.

"Mama, haikuwa njia. Ni mi. Nilitia unga mingi, na nilishaona kimoja kinapasuka."

Aliendelea kumimina mpaka bidoni ikajaa.

"Mi, ulishaniambia," akasema. "Sasa wende umwambie ule muntu wa moto. Yeye hataki kunisikia mi."

Nilitegemea anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

Nimerudi nimekaa mbele ya gunia la vifuniko vyeupe, vizuri, visivyofaa kitu. Nitavisaga vyote, nivichanganye na plastiki safi, unga upungue, na hakuna kitakachotoka hapa kabla sijakipiga nyundo mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mikono, naiweza.

Lakini kesho asubuhi natakiwa kusimama kwenye kituo cha pikipiki, mbele ya vijana wote wale, nimtafute mtu ambaye shati lake nimeliharibu na ambaye simjui hata jina. Nianze kusema nini?