Dakika Moja ya Kumkumbuka Baba

Wewe rafiki yangu, mbona hupokei simu? Haya, naandika.

Ndiyo tumerudi na baba kutoka ile sherehe ya nyimbo za ukombozi. Kadi ilisema "familia ya mtunzi", mimi nikadhani ni heshima tu!

Tumekaa nyuma kabisa. Kwaya ikaimba wimbo wake, ule hata wewe uliuimba shuleni. Ukumbi mzima unaitikia, na baba anapiga gitaa la vidole tu, juu ya goti.

Mara mshereheshaji: "Tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu mtunzi wetu."

Marehemu! Baba yangu! Yuko hapa ubavuni kwangu, kavaa koti lake la harusi!

Watu wakasimama. Na yeye akasimama. Akavua kofia. Unanielewa? Mzee kasimama kujiomboleza mwenyewe!

Nikafungua mdomo nipige kelele. Akanibana mkono, akaninong'oneza, "Waache, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyegeuka. Hata mmoja.

Tumefika nyumbani, namvua viatu, namuuliza, "Baba, ulinizuia kwa nini?"

Akacheka kidogo. "Umeona walivyojaa? Siku nikifa kweli, watakuja wangapi?"

Nimeshikilia kiatu tu kama mjinga.

Kesho njoo. Usilete kitu. Njoo umpe shikamoo tu, maana tangu mama atutoke, anayempa ni mimi peke yangu.