Panya wa Gwenda

Jumatatu, 7 Aprili

Gwenda ameondoka. Dada yangu kavunjika nyonga, kapelekwa kwenye nyumba ya wazee kule Dubbo — na huko wanyama hawaruhusiwi. Kaniachia chumba, masweta yake, na Mervyn.

Mervyn ni panya. Panya! Tena dume zima, la kahawia, na ule mkia. Mkia sitaki hata kuuandika.

Walikuwa wawili. Keith, ndugu yake, alikufa mwezi uliopita, na tangu hapo huyu anakaa kwenye kona ya kizimba akijinyonyoa manyoya. Gwenda anasema panya wa kufugwa akibaki peke yake hufa kwa upweke. Nimeahidi kumtafutia makao mapya, penye panya wenzake. Gari lilikuwa linangoja, mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu. Ningesema nini?

Naogopa. Nikiogopa huwa naandika, basi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimebandika tangazo dukani kwa Trevor. Kosa kubwa! Hapa Coonamble, ambako hakuna aliyesahau mwaka ule panya wadogo wa mashambani walipouvamia mji. Tulilala miguu ya vitanda ikiwa ndani ya ndoo za maji. Na bado mmoja alinifikia. Niliamka yumo kwenye nywele zangu.

Trevor kalisoma kwa sauti ili duka zima lisikie. Eti, "Coral, mama, mji mzima unaua panya, wewe unamtafutia wako mchumba?" Mwingine akadakia kwamba nyumba anayo, iko chini ya beleshi lake. Vicheko! Nikacheka nao, mnafiki mimi.

Kisha Trevor akaacha mzaha. Wameanza tena, akasema, ghala la shemeji yake limejaa. Nikanunua maziwa na sumu.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamefika. Nimewasikia ukutani, kwaru kwaru, nyuma ya kabati. Sauti ile ile! Nimemwaga sumu kila mahali — nyuma ya friji, chini ya jiko, kwenye kabati la sukari. Punje za kijani kibichi, kama peremende. Mikono nimeiosha mpaka imeniwasha.

Mervyn naye aliwasikia. Alitoka kwenye kona yake, akasimama kwa miguu miwili, akashika waya, masikio juu. Akasikiliza muda mrefu. Labda alidhani Keith amerudi.

Nilimhurumia. Kwa mbali, nikiwa mlangoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Simu! Mwanamke anaitwa Noeleen, anakaa Gulargambone, mji wa jirani, ana panya wanne na anamtaka Mervyn. Kwanza sikuamini. Nilimuuliza waziwazi kama anafuga chatu, anatafuta cha kumlisha. Akacheka mpaka akakohoa. "Chatu? Mpenzi, mimi nyoka nikimwona kwenye televisheni nahama chumba!"

Anasema hatamtupa tu katikati ya wageni. Atawaweka wote kwenye hodhi kavu la bafuni, kila mmoja kapakwa tone la vanila mgongoni. Wote wakinukia keki, hakuna wa kumfukuza mgeni. Anakuja Jumapili asubuhi.

Aliuliza kama Mervyn amezoea kushikwa. Nikasema kila siku. Mwongo mkubwa!

Nimempigia Gwenda. Akalia. "Usimwambie mtu hapa kwamba nimelia kwa ajili ya panya," akasema. Kabla ya leo sikuwahi kumsikia akilia, hata alipoanguka.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemlisha kwa glavu za oveni. Kala mbaazi kavu zote. Kesho hayupo! Sijui kwa nini sina furaha.

Jumapili, 13 Aprili

Kizimba kiko wazi.

Ni glavu zile. Nilidhani nimelifunga komeo, kumbe na vidole vinene vile sikulifunga. Na sumu iko kila mahali. Kaenda kuwatafuta wenzake ukutani, moja kwa moja kwenye sumu niliyoimwaga mimi.

Nimeokota punje nilizoweza kuzifikia. Chini ya jiko sifiki. Na huko ndiko kunakotoka sauti.

Nimempigia daktari wa mifugo. Kama amekula, dawa ipo, akasema, lakini aletwe leo leo. Lazima nijue kama amekula. Atazamwe mdomo — ile rangi ya kijani ya sumu haifichiki.

Nimempigia Gwenda. Nilidhani atanitukana. Akaongea na mimi kama na mtoto. "Vaa sweta langu la bluu. Vua glavu. Lala chini, nyoosha mkono, tulia. Atakuja kwa harufu yangu."

"Na kama si yeye?" nikauliza. "Kama ni wale wengine?"

"Coral, wee, panya hali mtu." Halafu, taratibu: "Nakuomba, mdogo wangu."

Basi nimelala kwenye sakafu ya jikoni, umri huu. Mkono wa kushoto uko chini ya jiko, mtupu, na mbaazi kiganjani. Wa kulia unaandika, maana usipoandika nitapiga kelele.

Noeleen amefika. Yuko nje ya mlango wa wavu na kizimba chake kidogo, ananukia vanila mpaka huku. Nimemweleza habari ya sumu, nikamwambia asiingie, asiseme kitu. Kaona nilivyolala. Kakaa chini barazani.

Kitu kimegusa kidole. Mungu wangu. Sharubu.

Kimechukua mbaazi. Kimerudi. Kinaingia kwenye mkono wa sweta — kucha ndogo, zinapanda, kiwiko, bega. Kizito. Wale wa ukutani hawana uzito huu! Amekaa shingoni kwangu, chini ya nywele. Mahali pale pale. Ana joto. Moyo wake unakimbia kuliko wangu.

Nimefumba macho, naandika bila kuona, mistari inapanda juu ya mistari.

Noeleen ananong'ona kwenye wavu, "Mtazame mdomo, mpenzi. Mimi kwa hapa simwoni. Geuza kichwa tu."

Yuko karibu na shavu langu. Nasikia anatafuna. Sijui ni mbaazi au ni sumu.

Nageuza kichwa. Bado sijafumbua macho.