Sado Moja ya Maharage ya Mama

Ilomba, Mbeya,
14 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Eveline,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku. Kasulu hamjambo? Pacha wameacha kukohoa? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Barua hii nimeiweka ndani ya ndoo makusudi. Kwenye simu unacheka tu, hunisikilizi.

Unakumbuka tulipoondoa matanga, mbegu ya mama ikagawanywa. Kaka Liberatus akapewa debe zima, na fungu lako akaachiwa akutunzie kwake Idodi. Mimi sado moja, kindoo cha lita nne tu, eti nina duka la nafaka mjini! Duka nililoanza na gunia moja barazani, na hakuna aliyenibebea. Sijasahau.

Nilipoihifadhi mbegu yangu kwa mafuta ya mikaratusi, yale wanayopata kwa kuchemsha majani kule Mafinga, mkaniita Mama Mafua. Kaka akauliza, "Beni, hayo ni maharage au mgonjwa wa kifua?" Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote.

Haya. Mwezi uliopita nilifika Idodi. Joto lile, mbegu kwenye gunia la kawaida, fukusi wanatoka kama watu wa misa ya kwanza. Nilihesabu punje 200 za kaka: 131 zina matundu. Fungu lako lote limekuwa unga. Kaka aliinamisha kichwa, nikakosa moyo wa kumcheka. Nilimcheka kidogo tu.

Kwangu, katika punje 200 zilitoboka saba. Ni matone kumi na mawili kwenye pamba, ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, basi. Niliogopa mafuta yasije yakaua mbegu, nikaotesha punje 50 kwenye kitambaa kibichi. Zimeota 46.

Kaka nimempa robo ya sado yangu. Akapokea kwa mikono miwili: "Na kachupa je, Mama Mafua?" Nikampa nako. Nusu ni yako, ndiyo hii. Mimi niliyepunjwa nimebaki na robo, na itanitosha.

Panda zote mvua ikianza. Usipike hata punje moja, nakujua! Ulipofungua mfuniko harufu lazima ilikupanda puani. Cheka basi, ila shika ndoo vizuri, maana mbegu nyingine ya mama hatuna.

Nisalimie shemeji Shedrack na mama mkwe wako Anjela. Mungu awanyeshee kwa kiasi.

Wako akupendaye, hata ukimcheka,
Dada Benedicta