Kifua Ninacho

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kesho napimwa! Dada Kuruthumu, wakala wetu, amepita dukani mchana kuniambia. Safari hii kutoka Kasulu tunakwenda Muscat wawili tu, mimi na rafiki yangu Shadia. Nyumba nitakayofanyia kazi ni ya binamu yake Bi Mwanaheri, bosi wangu. Watu tisa. Tisa ni nini kwangu? Kipaimara cha mdogo wangu Niyonzima kwetu Kumsenga, kule Kibondo, nilipikia watu mia mbili, na ukoko haukuwepo.

Bi Mwanaheri anasema kupika kunafundishika, ila kifua hakifundishiki. Unaona, unasikia, unanyamaza. Amemwambia Kuruthumu mbele ya wateja kwamba binti yake huyu ana kifua, miaka minne neno la nyumba yake halijawahi kuvuka kizingiti. Nimefurahi siku nzima. Hata sukari nimepima kwa madaha.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepimwa kila kitu. Kilo sitini na moja. Presha safi — dokta Stanislaus kasema ningefaa jeshi. Macho nimesoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao Shadia aliubahatisha. Damu, mkojo, meno. Meno yangu yote thelathini na mawili yapo, nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Halafu maswali ya fomu. Anauliza harakaharaka bila kuinua kichwa. Kifafa? Hapana. Kisukari? Hapana. Pumu? Hapana. Una kifua?

"Ninacho!" Nimejibu kwa sauti, hata Shadia kasikia kule nje.

Ndipo akainua kichwa. Tangu lini? Nikamwambia tangu utotoni, hata mama yangu anacho, kwetu ni ukoo mzima. Akauliza natumia nini. Nikasema situmii kitu, ni malezi tu. Hilo nadhani hakulisikia, maana alikuwa anaandika. Kaandika mistari mitatu! Maswali mengine yote aliweka alama ya mkwaju tu. Nimetoka mle ndani nikitembea kama mke wa mchungaji.

Jumatano, 3 Septemba

Aibu. Shadia amepita. Mimi fomu yangu imekwama. Kuruthumu kanipigia anafoka: umemwambia daktari una kifua tangu utotoni, na mama yako anacho, umerogwa?

Nilicheka mpaka Bi Mwanaheri akatoka ndani kuangalia. Kisha sikucheka tena. Kumbe aliniuliza ugonjwa! Angeniuliza kwa Kiha nisingekosea, lakini Kiswahili changu nimefundwa na Bi Mwanaheri, na kwake kifua ni kufunga mdomo.

Nimekimbia kituo cha afya kumweleza dokta. Naye kacheka, kavua miwani, kafuta machozi. Lakini kasema fomu haifutiki kwa kicheko. Lazima nitoe makohozi na kupiga picha. Sawa. Wapige. Waone mapafu ya mtu aliyebeba ndoo za maji kupanda kilima tangu ana miaka saba.

Ijumaa, 5 Septemba

Makohozi safi. Picha ina kovu.

Dokta kaiweka kwenye taa akanionyesha, juu upande wa kulia, kitu kidogo kama punje ya ulezi. La zamani sana, anasema. Kauliza kama nimewahi kutibiwa kifua kikuu. Safari hii kataja jina zima polepole. Nimemwambia hapana. Nimekasirika kweli. Sijawahi kulazwa hata siku moja, mimi!

Kasema siumwi, nimepona, kovu si ugonjwa. Lakini huko tunakokwenda wanapima upya mtu akishashuka, na makovu ya kifua wanayaogopa. Wako wanaorudishwa siku hiyohiyo. Kaniambia niulize nyumbani.

Jumamosi, 6 Septemba

Kumsenga. Nimefika mama anamenya muhogo. Nimemweleza yote. Hakuacha kumenya. Alipomaliza ule wa mwisho alinawa, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni wenye vyeti vya ubatizo na karatasi za uraia za marehemu baba. Chini kabisa kulikuwa na kadi ya rangi ya kahawia, imekunjika, ina jina langu.

Igituntu, ndivyo kwetu tunavyokiita kifua kikuu. Nilikuwa na miaka minne. Kila asubuhi alinibeba mgongoni mwendo wa saa moja na nusu mpaka zahanati, muuguzi anione nikimeza, halafu tunarudi analima. Miezi minane. Siku aliyojifungua Niyonzima nilipelekwa na baba. Nimeikagua kadi alama kwa alama kwa kidole. Hakuna kiboksi kitupu. Hata kimoja!

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema enzi zile wangenitengea kikombe, na watoto wasingecheza nami. Shangazi zangu hawajui. Baba mchungaji hajui. Miaka ishirini na mitatu.

"Ulikuwa umepona, mwana wanje. Ningekuambia ili ukabebe nini?"

Nilinuna kama saa nzima, nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Halafu nikaanza kujisikia fahari, fahari kubwa mpaka ugali ukanishinda. Bi Mwanaheri anadhani anawajua watu wenye kifua. Hajamjua mama yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi Kasulu jana na kadi — hapana, nimerudi bila kadi. Mama amekataa kuitoa mkononi. Kanipa maharage badala yake.

Leo Kuruthumu amekuja na dawa yake. Shadia atapiga picha nyingine kwa jina langu, mahali ambapo hawaangalii sana sura. Shadia amekwisha kubali, ni rafiki wa kweli, simlaumu. Kuruthumu kaniambia: "Ni picha tu, mdogo wangu. Mapafu hayana sura."

Sitajidanganya humu kwenye daftari langu. Nilitaka kusema ndiyo. Nimechambua mchele mchana mzima nikiwaza. Nyumba ya mama ni msingi tu, majani yameshaota kwenye pembe. Niyonzima amebakiza miaka miwili chuoni. Na mimi mwenyewe naitaka Muscat, basi! Nataka watu wasionijua waone ninavyojua kazi. Jioni nilimkuta Kuruthumu kwa fundi cherehani, nikamwambia mbele ya fundi.

"Dada, mama yangu ametembea miezi minane kwa ajili ya mapafu haya. Siwezi kwenda na ya Shadia nikayaacha yangu Kasulu."

Kaniangalia kama mtu aliyeona chumvi kwenye chai. Kasema nina mpaka keshokutwa saa sita mchana nipate cheti cha kufaa, vinginevyo nafasi anampa msichana wa Kagerankanda ambaye fomu yake iko tayari. Nimelia kidogo njiani. Si kwa kujuta. Kwa hasira tu.

Jumanne, 9 Septemba

Bi Mwanaheri kampigia binamu yake. Yule mama anasema yeye ananitaka, lakini wapimaji si wake. Nilete barua ya daktari yenye historia yote na cheti cha kumaliza dawa, yeye ataipeleka waitazame mapema kabla sijapanda ndege. Haahidi kitu. Bi Mwanaheri kanipa baibui lake jipya nivae siku ya safari, kisha akakumbuka mimi ni Mkristo, akacheka, akaniachia hivyohivyo.

Nimempigia mama nikamwomba aipe kadi dereva wa Hiace aniletee. Akakata simu.

Jumatano, 10 Septemba

Saa tano na dakika ishirini. Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo, mlango wa dokta uko wazi mbele yangu.

Mama kaja mwenyewe! Amepanda gari la alfajiri kutoka Kibondo, kavaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kufunga ambavyo huwa anavibeba mkononi mpaka mlango wa kanisa. Kaingia moja kwa moja, kamwamkia dokta, kaweka kadi mezani na kiganja juu yake. Dokta kaisoma pande zote mbili. Kasimama, kaisogeza dirishani kwenye mwanga. Kasema katika kazi yake ameona kadi nyingi lakini isiyo na pengo hata moja hajaiona. Mama hakutabasamu. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayepewa chenji sahihi.

Kisha dokta akaniita na mimi akafunga mlango. Kasema kwa sauti ya chini kwamba makohozi ni safi, kwa hiyo anaweza kuandika mapafu hayana ugonjwa, akaishia hapo, na asiwe amesema uongo. Huenda nikapenya. Au aandike yote: aliugua, akatibiwa, akapona, kovu lipo. Hapo waamue wao.

Nilimtazama mama. Mama alitazama ukutani, kaniachia mwenyewe. Nimemwambia aandike yote.

Nimetoka nimpe nafasi, mlango nimeuacha wazi. Kuruthumu anapiga simu mara ya tatu sasa. Saa sita kasorobo. Dokta anajaza barua, anauliza, mama anajibu. Mwaka. Zahanati. Tarehe ya kumaliza. Sasa wamefika kwenye mstari wa aliyesimamia dawa. Mama amesimama. Amenyoosha kitenge. Anataja jina lake, Ndayisenga, na dokta anaandika.

Ameruka ile Y. Mama kaiona kutoka upande wa pili wa meza, juu chini, kasema hapana, baba. Ameomba karatasi mpya, dokta aanze upya kutoka juu. Simu inalia tena. Sipokei mpaka jina likamilike.