Matundu Mawili Chini ya Mitungi ya Gesi

Mama,

Ni wiki ya tano sasa tangu ututoke. Esta amehamia nyumbani kwako na wanawe, kapanda mihogo pale ulipokuwa ukianika vyungu. Nilimkasirikia dada yangu, halafu nikaona nakasirika bure. Mvua zimeanza, ziwa limechafuka, na mitumbwi ya vyungu ya huko kwako Ikombe haijafika gulioni Lyulilo tangu Jumamosi. Ninalotaka kukuandikia ni moja tu, nami nalizungukazunguka.

Unalikumbuka lile gari la yule Mzungu wa kupima barabara, lenye kitanda na jiko ndani? Ulisema Wazungu wamechoka kukaa majumbani hata wanazibeba nyumba zenyewe. Mimi nilikuwa dereva wake na mpishi wake. Siku ya gulio ulishuka Lyulilo na vyungu vyako, ukaja kunitazama, nami nikakuonyesha kila kitu kwa majivuno. Mitungi ya gesi nilikuwa naichagua mwenyewe kule Mbeya. Sichukui wenye kutu kitakoni, wala wenye koki iliyopinda. Koki naipaka maji ya sabuni, yakifanya mapovu naurudisha. Ukaugonga mmoja kwa kifundo cha kidole, ukatega sikio kama unavyopima chungu kilichotoka motoni, ukasema, "Huu mzima." Nilicheka sana. Mtungi ule ulikuwa mtupu, mama.

Nikakufungulia na kabati lake, lile la kwa nje, mitungi imesimama wima, imefungwa mkanda isigongane njiani. Kisha nikaenda kukutafutia samaki. Sikukuambia habari ya yale matundu mawili ya sakafuni. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja huteremka chini, na matundu yale ndiyo mlango wake wa kutokea. Maneno machache hayo, yangenichukua muda gani? Wewe uliona chombo kimetoboka. Maisha yako yote ukiona tundu unaziba, na udongo mbichi ulikuwa nao kapuni. Ukaziba, ukalainisha kwa kokoto, ukanawa mikono, tukala samaki. Ukapanda mtumbwi bila kuniambia, nadhani uliona ni jambo dogo mno.

Siku tatu baadaye tulikuwa Njisi, kule mpakani. Koki ilikuwa imevuja kidogo kidogo, gesi ikakosa pa kutokea, ikapenya hadi jikoni. Asubuhi nikawasha kiberiti nichemshe chai. Mengine uliyaona kwenye mkono wangu. Mzungu alikuwa mtoni anaoga, namshukuru Mungu kwa hilo. Alisema sikufunga koki, akanifukuza bila barua ya sifa, na watu wakamalizia kwamba nilikuwa nimelewa. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu niliuona udongo kwenye sakafu ya kabati, umeiva kwa ule moto, mwekundu, una alama ya kidole gumba chako. Nikaubandua, nikautupa mtoni. Hakuna mwingine aliyeuona.

Nyumbani ulinipaka asali mkono ule kila siku. Siku moja, bila kuinua macho, uliniuliza, "Elia mwanangu, ni ule udongo wangu?"

Nikasema, "Hapana, mama. Ni koki."

Ukanishukuru, "Ndaga," ukaendelea kupaka. Nami nikajiona mwana mwema.

Tangu hapo hukufinyanga tena. Ulisingizia magoti. Nikayaamini magoti, nikakuletea na dawa ya kuchua, mjinga mimi.

Juzi Esta aliniambia. Kumbe ulikwenda mpaka misheni, ukamuuliza fundi wao wa magari matundu yale ni ya nini, naye akakueleza. Ukarudi ukamwambia Esta, "Kaka yako ananificha ili nisilie. Basi nalia peke yangu." Miaka minne, mama. Nilidhani nimekutua mzigo, kumbe nilimfukuza mtu wa kukusaidia kuubeba, mimi mwenyewe. Ningesema ndiyo, ungeniomba radhi, nami ningekuambia yaishe, tungelia siku hiyo moja, na kesho yake ungeushika udongo wako. Nilikunyima hayo yote kwa neno moja.

Na niseme kweli, hasira ninazo pia. Vidole viwili vimeshikana, mkono haushiki usukani, na mimi nilipenda kuendesha gari. Zipo siku nilikutazama unakula nikawaza, ni wewe. Halafu naona haya, naondoka. Labda ndiyo maana nilisema hapana. Niliogopa nikikubali la udongo, na haya mengine yatatoka.

Pumzika sasa, mama. Kaburi lako tumelizungushia mawe ya ufukweni, na Esta analifagia kila Jumapili kabla ya kanisa. Nakuahidi jambo moja. Mke wangu na wanangu wakiniuliza kitu, nitawajibu kilivyo, hata kikiuma, kisha nitabaki nimekaa nao papo hapo. Mke wangu nilimweleza yote jana. Akaushika mkono huu.

Na wewe nakujibu leo, nimechelewa sana. Ndiyo, mama. Ni udongo wako. Na nimekusamehe.

Mwanao,
Elia