Harufu Moja na Baba Mkwe

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Firdaus, mwenye duka la manukato ninakouza pale Kisii mjini, kanipa zawadi ya Idi – chupa mbili! Marashi ya pichi na waridi. Kwenye boksi kuna kasri la kale, na bwana kapiga goti anambusu bibi mkono. Nimecheka. Huku Manga nani apige goti kwenye matope haya? Chupa moja yangu. Nyingine nimempa mama mkwe. Kaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye leso.

Jumamosi, 5 Aprili

Aibu! Kanisani baba mkwe kapita mbele kusoma Neno – ananukia pichi. Ananukia kama mimi! Kumbe mama mkwe, Msabato asiyejipamba, alimpa mzee wake.

Nje, jirani yetu Nyangate akanishika mbele ya akina mama. "Emily, mbona unanukia kitu moja na baba mkwe?"

Sisi na chinsoni zetu, heshima za ukwe! Mkono hatupeani. Nyumbani kwangu baba mkwe haingii. Nikababaika, nikasema, "Labda aliichukua mezani kwangu."

Akina mama wakatazamana.

Mezani kwangu! Nimemwingiza mzee wa watu chumbani kwangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikitafuta la kusahihisha, Nyangate keshafika upande wa wanaume.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefua sweta tena na tena. Harufu haitoki.

Mama mkwe kaja jikoni, anacheka peke yake. Bado hajasikia. Eti jana mzee alimshika mkono kutoka kanisani mpaka nyumbani, watu wakiona. "Tangu anioe hajawai," akasema, akaficha uso kwa leso kama msichana. Nilitaka kumwambia. Nikageukia sufuria. Mwoga mkubwa mimi!

Sasa Joash, mzee wa kanisa, amekuja na wenzake. Wameketi uani kwa baba mkwe, nawaona dirishani. Amejipaka tena, nina hakika – kavaa koti la kanisani, anawakaribisha chai, anadhani ni wageni tu. Joash anamwinamia, anamwambia kitu.

Mzee amecheka. Kisha ameacha kucheka. Kikombe ameweka chini.

Wote wamegeuka kutazama nyumba yangu. Yeye hapana. Hata sasa mlango wangu hautazami, ameinamisha macho – chinsoni.

Mama mkwe ananiita. Ananiita tena. Mimi naandika tu.