Ufunguo wa Chumba cha Fundi Rama

Jumanne, jioni. Upepo wa kipupwe umevuma tangu asubuhi, ule unaoingia hadi kwenye mifupa. Nimerudi Singida mjini kutoka Ikungi nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi, ndipo nimekaa kuandika.

Mnaonisoma hapa mnajua nina nyumba ndogo Ikungi, vyumba vinne vya kupangisha, niliyoijenga polepole kwa faida ya duka la vitenge na mkopo ambao bado naurejesha. Chumba cha mbele, chenye kibaraza, ndimo alimokuwa anakaa fundi Rama, mshona nguo, pamoja na Neema na binti yao mdogo. Wiki iliyopita Rama aliugua ghafla, akafariki. Tukamzika kwao Issuna.

Jana kaka yake mkubwa, Juma, alinipigia simu. Wanakuja na gari kuchukua vitu vya marehemu, akasema, nije na ufunguo wa akiba.

Nikamuuliza, Neema je?

Akanijibu taratibu, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana. "Dada, wale hawakufunga ndoa. Rama Mwislamu, yeye Mkristo, walikaa tu. Na mkataba wa chumba si una jina la Rama peke yake?"

Ni kweli. Niliuandika mwenyewe.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine siwezi. Nilipokata simu, mtu wa kwanza niliyemfikiria hakuwa Neema. Nilimfikiria muuguzi mmoja ambaye amekuwa akinibembeleza nimpe chumba hicho hicho. Nikawaza, wakichukua vitu vyao chumba kitakuwa wazi, nami sitagombana na mtu.

Wazo hilo lilikaa kidogo. Kisha likanitia aibu.

Leo asubuhi, kabla ya kufika kwenye nyumba, nilipitia kwa mama mmoja pale Ikungi anayesaidia watu mambo ya sheria. Alinisikiliza, akaniambia, "Ufunguo ni wako. Vitu si vyako." Mpangaji akifa, vitu vyake ni mirathi. Ukoo unakaa kikao, unapendekeza msimamizi, Mahakama ya Mwanzo inamteua. Huyo ndiye wa kukabidhiwa. Nikimfungulia mwingine, kesho naweza kudaiwa mimi.

Akauliza majirani wanamwitaje Neema. Nikasema, mke wa fundi, miaka yote. Akasema basi sheria inaweza kumhesabu mke hata bila cheti, lakini hilo ni la mahakama kuamua, si la shemeji wala la mwenye nyumba. Na kodi ya chumba imeshalipwa, kwa hiyo sina sababu ya kumtoa.

Nilipofika, pikapu ilikuwa imeshaegeshwa. Neema amekaa kibarazani, mtoto kajificha mgongoni kwake. Juma akaninyooshea mkono apewe ufunguo. Mama mzazi wa Juma na Rama alikuwa bado ndani ya gari, nikaenda kumwamkia. Akaitikia "marahaba" bila kunitazama.

"Kaka Juma," nikasema, "karibuni ndani mkae, Neema ndiye mwenyeji. Lakini hakuna kitu kitakachopanda gari mpaka mahakama iseme nani msimamizi."

"Unatuzuia kwenye chumba cha ndugu yetu?"

"Kuingia siwazuii. Kubeba ndiyo siwezi kuruhusu."

Alipandisha sauti. Majirani wakatoka. Akamgeukia Neema, "Na wewe sema basi, una cheti gani?" Neema akamvutia mtoto mapajani. Mimi nilikuwa nimeushika ufunguo kwa nguvu mpaka ukaniachia alama kiganjani. Nilitamani mtu mwingine awe mwenye nyumba.

Ndipo mama yao akashuka. Akatupita wote, Neema akamfungulia, akaingia chumbani. Cherehani ilikuwa pale dirishani na blauzi yenye mkono mmoja. Akakaa kitandani, akapapasa mto.

"Mwanangu alikuwa analala upande gani?"

Neema alimfuata hadi mlangoni. "Huo wa mlangoni, mama. Alisema upepo usitufikie sisi."

Yule mama akaunyoosha mto, akaurudisha mahali pake. Kisha akasema, "Na wadogo zake alikuwa anawakinga hivyo hivyo."

Akamwambia Juma maneno kwa Kinyaturu. Kinyaturu changu ni cha sokoni tu, sikuyapata yote. Lakini nilimwona Juma akivua kofia na kujifutia uso nayo, akilia waziwazi mbele ya majirani, jitu zima. Na mimi niliyekuwa nimemkasirikia nikakumbuka kwamba amezika mdogo wake.

"Nendeni," mama yake akasema, Kiswahili sasa, wote tusikie. "Mimi nabaki kwa mkwe wangu."

Mkwe wangu. Neema aliposikia hivyo alikaa sakafuni palepale, akalaza kichwa kwenye magoti ya yule mama.

Gari limeondoka tupu. Kabla ya kuondoka Juma aliniambia kikao cha ukoo ni Jumamosi, akaniomba, kwa sauti ya chini, niende nikaeleze walivyoishi. Neema akaniuliza, "Na mimi niende?" Sauti ya mama mkwe ilitoka chumbani: "Unakwenda na mimi."

Sijui Neema atalipaje kodi hii itakapokwisha, na marejesho ya mkopo hayatanisubiri. Hilo tutalizungumza siku yake, mimi na yeye, tukiwa tumekaa.

Jumamosi sifungui duka. Nitakwenda Issuna, nitasimama mbele ya wazee wa ukoo usio wangu, niseme niliyoyaona: walikuwa mume na mke. Naomba tu sauti isinikauke.